Tulimfuata sangara na mama

Vidole vya mama havikusomeka. Dada wa dirishani alimwomba aviweke kwenye kioo mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Akampa kitambaa afute, akampaka losheni, mashine ikakataa. Mama akageuza viganja vyake akaviangalia. "Ni chumvi, mwanangu," akaniambia kwa Kisukuma. "Chumvi na magamba. Vimekwisha." Nikamweleza yule dada kwamba huyu mzee ameparua samaki na kutia chumvi kayabo, yaani sangara wa kukausha, tangu hajaolewa, ndiyo maana ncha za vidole vyake zimekuwa laini kama kigae. Wakamwita mkubwa wao, wakajaza fomu nyingine, na baada ya saa mbili tukaambiwa tumemaliza.

Hapo tulikuwa Dar es Salaam, tunaomba viza ya Hispania. Tulikuwa tumeshahangaika na cheti cha kuzaliwa ambacho mama hakuwahi kuwa nacho, na taarifa za benki, na bima ya safari ambayo lazima ifike euro 30,000, na ada ya euro 90 kwa kila mtu mzima na 45 kwa kila mmoja wa pacha wangu, Kulwa na Doto, wenye miaka kumi. Pesa zilitoka kwenye kikoba, miaka minne ya kuweka kila Jumamosi. Baba Kulwa alibaki, kazini kwake hawakumpa likizo. Wengi wameniuliza kwa nini pesa zote hizo sikununulia kiwanja. Nitawaeleza.

Mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha minofu hapa Mwanza, mwaka wa kumi na saba sasa. Sangara anaingia na barafu yake, anapimwa, asiyefika sentimita 50 hapokelewi. Mkataji anapitisha kisu upande huu, anageuza, anapitisha upande wa pili. Mnofu unavuliwa ngozi, unasafishwa kingo, mimi nachoma kipimajoto katikati ya nyama kuona kama haujavuka nyuzi 4, unaingia kwenye boksi, unaondoka. Kinachobaki mezani ni kichwa, mfupa wa mgongo na mkia. Hilo ndilo panki.

Mama alikuwa nje ya ukuta. Miaka ya tisini alisimama getini alfajiri na wenzake kununua mapanki, akayakaanga kwenye karai pale Igogo, akayauza. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye karai lile. Chakula chetu pia. Sisi watoto tulijua kuchokonoa nyama ya shavuni, na kile kipande cha nyuma ya shingo ambacho kisu cha kiwandani hakikifikii, na tulikuwa tunagombania macho. Mwaka 1999 Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya watu kuvua kwa sumu, viwanda vikapoa na mapanki yakatoweka getini. Mama akahamia dagaa. Tangu mwaka huo mpaka magoti yalipomshinda, alikuwa mwaloni Kirumba, ananunua dagaa wa visiwa vya Ukara na Ukerewe, anapepeta, anafungasha magunia.

Sasa siku moja Doto alikuwa anafanya kazi ya shule kuhusu biashara ya samaki, akamuuliza bibi yake: mnofu wa sangara una ladha gani? Mama akafikiri kidogo. "Sangara nimekula, mjukuu wangu. Lakini ule mnofu wenyewe, uliokatwa ukapakiwa, sijawahi kuuona unaliwa. Ule unapanda ndege." Nilikuwa naosha vyombo. Nilisimama pale na sahani mkononi muda mrefu. Miaka kumi na saba nimekuwa nachoma kipimajoto kwenye nyama ile, na mama yangu hajui inaishia wapi. Wala mimi sikujua, zaidi ya jina la nchi kwenye karatasi.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Valencia. Zamani aliendesha malori ya Isaka, sasa anaendesha semitrela ya machungwa kutoka Hispania kwenda Ufaransa na Italia. Nilipompigia, akasema, "Dada, mlete mama mwezi wa sita nikiwa likizo. Nitawapitisha barabara yangu."

Alitupokea Madrid. Kutoka hapo hadi Valencia ni kilomita kama 350, na mama aliziangalia zote bila kusinzia, nchi kavu ya rangi ya unga, mashamba makubwa hayana mtu. Kilichomsumbua ni jua. Kwetu saa moja na nusu jioni giza limeshaingia, Januari au Julai. Kule saa tatu usiku jua bado linachoma kioo cha gari. Mama aliuliza mara tatu kama saa yangu ni nzima. Mwisho akasema atakula chakula cha usiku usiku ukifika, akalala njaa.

Siku ya pili mdogo wangu alitupeleka Albufera, ziwa dogo kusini mwa Valencia, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Nilikuwa nimetayarisha moyo wangu kwa majengo makubwa na makanisa. Kumbe kitu cha kwanza kumfurahisha mama Ulaya kilikuwa majaruba ya mpunga. Yamejaa maji, kijani kibichi, korongo weupe wanatembea katikati. "Magu hii!" akasema. Alishuka, akachuma jani la mpunga, akalisugua, akalinusa.

Albufera ni ziwa la maji baridi, kina chake kama mita moja tu, mtu mrefu anaweza kuvuka kwa miguu sehemu nyingi. Wavuvi wake wako kijiji kinaitwa El Palmar. Mzee mmoja mwenye boti ya kutembeza wageni alitueleza, mdogo wangu anatafsiri, kwamba sehemu nzuri za kutegea nyavu hugawanywa kwa kura kila mwaka. Kila mvuvi ana zamu yake ya bahati, na desturi hiyo ina karne nyingi. Mama aliipenda sana hiyo, akamwambia mdogo wangu amuulize: na wanawake je? Mzee akacheka kidogo, akasema zamani haki ilipita kwa watoto wa kiume peke yao, mpaka wanawake wa kijiji walipokwenda mahakamani wakashinda. Mama akanyamaza. Halafu akaniambia mimi, si yule mzee, "Mimi nimefadhili mitumbwi mitatu Ukara, nimenunua nyavu, nimenunua karabai. Hakuna hata mmoja ulioandikwa jina langu." Sikuwahi kujua jambo hilo. Nilimjua mama kama mnunuzi wa magunia, basi.

Kumtafuta sangara tulianzia mahali pasipo pake. Tulikwenda soko kuu la Valencia, lile jengo la vyuma na vioo lililofunguliwa mwaka 1928, zuri mno, lina kuba kama msikiti. Upande wa samaki tukaona pweza, kamba, samaki wa bahari wamepangwa kwenye barafu na macho yao yanang'aa. Nilizikagua zile meza kama niko kazini, sikujizuia. Barafu ya kutosha, maji yanatiririka vizuri, nikaridhika. Lakini sangara hakuna.

Tulimkuta karibu na nyumbani kwa mdogo wangu, kwenye duka kubwa la kawaida la mtaani, kati ya sabuni na mikate. Nilimwona kabla sijasoma chochote. Ule weupe wenye waridi kwa mbali, ule mstari mwekundu wa damu katikati ya mnofu, ile namna nyama inavyopasuka kwenye mkia ikiwa mkataji ana haraka. Mbele yake kikaratasi: Perca del Nilo, chini yake jina la kisayansi, Lates niloticus, na chini kabisa, Tanzania.

Nilimsomea mama. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akaegemea kioo, uso wake karibu kabisa na barafu, akautazama ule mnofu kimya. Pembeni kina mama wa Kihispania wanavuta namba zao za foleni, wanaagiza gramu mia tatu, gramu mia nne, wanaondoka. Hakuna aliyemjali. Kisha mama akauliza kwa sauti yake ya sokoni, "Na kichwa kiko wapi?" Doto akamjibu, "Bibi, kichwa kiko Igogo."

Tulinunua kilo moja na nusu. Muuzaji aliuliza tunataka akatie vipande gani, mama akakataa kwa mkono, akautaka mzima. Jikoni kwa mdogo wangu hakumruhusu mtu kushika kisu. Aliuosha kwa limao, akaupapasa wote kutoka juu hadi chini kwa hivyo vidole visivyosomeka, akagundua mfupa mmoja mwembamba ulioachwa, akauvuta kwa kucha akaniwekea mezani mbele yangu. Sikusema kitu. Niliona aibu ya kikazi, kweli kabisa. Akaupika kwa nyanya, kitunguu na pilipili hoho, kama anavyopika siku zote, tukala na wali wa Albufera.

Alikula polepole. Wote tulikuwa tunamsubiri. "Ni mtamu," akasema. "Ni laini, hauna kazi." Akaongeza mchuzi. "Lakini panki lina mafuta zaidi. Wanaacha utamu kwetu hawajui." Mdogo wangu alitoka akaenda kusimama barandani. Alikuwa analia, na mimi nilimwacha, kwa sababu nilijua analilia nini: karai, moshi, mama akirudi saa nne usiku nguo zinanuka mafuta, na sisi wawili tunajifanya tumelala ili asione kwamba tulimsubiri kwa njaa.

Basi, asubuhi ya siku ya nne tukaanza barabara yenyewe, kutoka Valencia kwenda Italia, kilomita kama 1,500 kwa jinsi tulivyopita. Barabara ya pwani inayopanda Barcelona siku hizi hailipiwi sehemu kubwa, waliondoa ushuru mwaka 2020 na 2021. Barcelona tuliipita kando tu. Pacha walitaka kuona uwanja wa mpira, mjomba wao akasema foleni, wakanuna mpaka mpakani.

Mdogo wangu anaendesha gari dogo kama anavyoendesha lori. Sheria ya Ulaya inamtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 akishaendesha saa nne na nusu, na kuna mashine inayoandika kila dakika yake. Gari lake la nyumbani halina mashine hiyo, lakini saa nne na nusu zikitimia anapaki. Nilimwambia, twende tu, tumebakiza kidogo. Akanijibu, "Dada, Isaka tulikuwa tunaendesha usiku kucha tunatafuna miraa. Nimezika marafiki wanne." Hatukubishana tena. Pale La Jonquera, mpakani na Ufaransa, kuna uwanja wa malori ambao sijawahi kuona mfano wake. Madereva wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya matairi, kila mmoja na jiko lake la gesi. Mmoroko mmoja anayejuana na mdogo wangu alimwita mama "mama" kabla ya kutambulishwa, akampa chai ya mnanaa. Mama akaketi kwenye kiti chake kama mgeni wa heshima, na dakika 45 zikawa saa moja na nusu.

Ufaransa unachukua tiketi ukiingia barabarani, unalipa ukitoka. Upepo wa Perpignan, wanauita tramontane, ulikuwa unasukuma gari pembeni. Zaidi ya hapo sina la kusema kuhusu siku hiyo, nililala.

Lakini Pont du Gard lazima niieleze. Ni daraja la mawe la Warumi karibu na mji wa Nîmes, ghorofa tatu za matao, kimo chake mita kama 49, lina miaka karibu elfu mbili. Nilidhani ni daraja la watu. Kumbe ni la maji. Juu kabisa kuna mfereji, na mfereji huo ulikuwa sehemu ya njia ya kilomita kama 50 iliyopeleka maji ya chemchemi mpaka Nîmes. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba katika kilomita zote hizo mteremko mzima ni mita kama 12 tu. Maji yalitembea yenyewe, bila pampu, kwa sababu mtu alipima. Mawe ya matao ya chini yamepangwa bila chokaa, mengine yana uzito wa tani sita.

Mtu wa Mwanza anajua mawe. Tumezaliwa juu yake, tumejenga juu yake, jiwe la Bismarck linatusalimu tukitoka kivukoni. Mama aliweka kiganja kwenye nguzo, akatazama juu, akaniuliza maji yalitoka mbali gani. Nikamwambia, kama kutoka Igogo mpaka Misungwi na zaidi. Akahesabu kimoyomoyo. "Sisi ziwa lilikuwa pale," akaonyesha kwa kidevu, kama vile Igogo iko ng'ambo ya mto ule, "unaliona, unalisikia. Na nimepandisha ndoo kichwani miaka ishirini na sita." Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anapima. Siku hizi maji ya ziwa letu yanasukumwa kwa bomba kutoka Ihelele mpaka Shinyanga na hata Tabora, na nilimkumbusha hilo, akaitikia. Lakini alibaki amegusa jiwe, na pacha walishavua viatu wanacheza mtoni kabla hajaondoa mkono.

Kutoka pale hadi Arles niliendesha mimi, kwa leseni yangu na kibali cha kimataifa. Upande wa kulia. Kwenye kila mzunguko nilikuwa najisemea kwa sauti, kulia mama Kulwa, kulia, na Kulwa akaanza kuniitikia kutoka nyuma. Nilirudisha usukani nikiwa nimelowa mgongo mzima.

Baada ya Nice barabara inaingia milimani. Ukivuka mpaka kwenda Italia ni mashimo yaliyotobolewa mlimani na madaraja, shimo, daraja, shimo, daraja, upande wa kulia bahari iko chini kabisa. Kulwa alihesabu mashimo mpaka 40 akachoka, Doto akatapika. (Doto pia alitaka kujua kama tutafika Capri, maana shule yao iko karibu na Capri Point na amekulia na jina hilo. Kisiwa cha Capri kiko kusini kwenye ghuba ya Napoli, mbali sana na njia yetu. Nimemwahidi.)

Genoa tulifika jioni. Mdogo wangu alipunguza sauti ya redio. "Hapa ndipo," akasema. Tulikuwa juu ya daraja refu jeupe. Daraja la zamani lililokuwa mahali pale lilikatika tarehe 14 Agosti 2018, magari yakiwa juu, watu 43 wakafa. Hili jipya lilifunguliwa Agosti 2020. Yeye hupita pale na tani zake za machungwa mara mbili kwa mwezi, na kila mara, aliniambia, hufungua mkanda wa kiti halafu anaufunga tena, hajui kwa nini.

Mama aliuliza tarehe. Mdogo wangu akairudia. Mama akasema, "Mwezi mmoja na siku kadhaa kabla ya MV Nyerere." Kweli. Kivuko kile kilizama tarehe 20 Septemba 2018 kikitoka Bugolora kwenda Ukara, siku ya gulio, na waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Wawili kati yao walikuwa wanamletea mama dagaa. Mmoja alikuwa na deni lake la magunia manne, na mama alikwenda msibani akatangaza mbele ya ndugu kwamba deni limefutwa. Asubuhi alitaka kushuka chini ya daraja. Pale bondeni wamepanda miti 43, kila mti wa aina yake. Mama alitembea kutoka mti hadi mti akiigusa, magoti yanamuuma, alikataa kushikwa mkono. Alikuwa anawaombea watu wa Ukara. Nilimsikia akiwataja kwa majina.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, kilomita tatu juu ya maji, mama, ambaye ni mwenyeji wa Sengerema, amelipita mara nyingi, na kila mara anawaambia abiria wenzake wanyamaze mpaka litakapoisha. Nilikuwa nadhani ni uzee tu.

Siku tatu za mwisho tulikuwa ziwa Iseo, upande wa kaskazini, karibu na Brescia. Mdogo wangu ndiye aliyelichagua. Wengine wangekwenda Garda, ziwa kubwa kuliko yote Italia, ingawa hata hilo, kilomita za mraba kama 370, linamezwa na kisiwa chetu cha Ukerewe peke yake. Iseo ni dogo zaidi, kilomita za mraba 65 hivi, lakini lina kina cha mita 251. Ziwa letu lenye ukubwa wa nchi halifiki mita mia moja. Pacha walikataa kuamini mpaka nikawaonyesha kwenye simu.

Katikati ya Iseo kuna kisiwa kama mlima, Monte Isola. Unapanda kivuko kidogo kutoka Sulzano, dakika chache tu. Magari ya wageni hayaruhusiwi, watu wanapanda pikipiki. Pale pwani, kijiji cha Peschiera Maraglio, watu wamefuma nyavu tangu enzi za mababu zao, na siku hizi wanafuma hata nyavu za magoli ya mpira. Na wanakausha samaki. Kuna samaki mdogo wa ziwa, wanamwita sadini, mkubwa kuliko dagaa wetu, urefu wa kiganja. Wanamtoa utumbo, wanamtia chumvi, wanamtundika kwenye matao ya matawi, juani na kwenye upepo wa ziwa, wiki kadhaa. Kisha wanambana kwenye chombo mpaka mafuta yake yatoke, wanammwagia mafuta ya zeituni, anakaa humo miezi.

Mdogo wangu alimwona mwanamke mmoja, umri wa mama, amekaa mlangoni kwake na makopo ya kuuza. Matao yalikuwa matupu siku hiyo, yameegemezwa ukutani. Mama hakusubiri kutambulishwa. Aliyaendea yale matao, akalichukua moja, akapima nafasi za kutundikia samaki kwa vidole viwili, akaitikia kichwa. Kisha akamgeukia yule mwanamke, akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Yule mwanamke akajibu kwa Kiitaliano. Mdogo wangu alitaka kutafsiri, mama akamwambia, "Tulia, baba."

Nimehudhuria mafunzo mengi ya ubora wa samaki. Sijawahi kuona somo kama lile. Mama alipiga magoti, yale magoti mabovu, akachora kwa kidole kwenye mchanga wa pwani: mtumbwi, taa, wavu. Akaonyesha mwezi angani, akautikisia mkono, hapana, kisha akafumba macho, giza, ndiyo. Yule mwanamke akaelewa papo hapo. Mama akaonyesha namna tunavyowamwaga dagaa mchangani, akakunja uso, hapana, mchanga mbaya. Halafu akajenga kichanja hewani kwa mikono, akatandika wavu juu yake, akainua kidole gumba. Yule mwanamke akaingia ndani akatoka na samaki mkavu mmoja. Mama akamvunja shingo, akamnusa upande wa tumbo, pale penye siri yote, akampa mimi ninuse. Hakukuwa na harufu mbaya hata chembe. Nilimwambia mama, huyu anapita. Akacheka mpaka akashika ubavu.

Ndipo mama alipomshika mkono. Aliugeuza kiganja juu, akapitisha kidole gumba chake kwenye ncha za vidole vya yule mwanamke, kimoja kimoja, kama anavyopima ukavu wa dagaa. "Mwenzangu," akasema kwa Kiswahili.

Tulikula pale pale uani. Alituchomea sadini juu ya makaa, akaleta kitu kwenye ubao wa mbao, cha njano, cha moto, kimekatwa kwa uzi. Polenta. Unga wa mahindi uliosagwa na chenga zake, maji, chumvi, mwiko, na mkono usiochoka. Pacha waliangaliana. "Ugali!" Doto akapiga kelele. Mama akamega kwa mkono, akafinya tonge, akatia shimo kwa dole gumba, akachota mafuta ya samaki. Yule mwanamke aliyekuwa ameshika uma aliuweka chini, akamega na yeye.

Tulirudi nyumbani kwa ndege ya Milano, na mdogo wangu akarudi peke yake kwa barabara yake. Kwenye sanduku la mama hakukuwa na nguo mpya hata moja. Kulikuwa na makopo sita ya sadini yamefungwa ndani ya kanga, na unga wa polenta kilo mbili. Makopo alikataa kuyafungua wiki nzima, mpaka Jumapili wenzake wa mwaloni walipoweza kuja wote, kina mama saba, wameketi kwenye mkeka barazani kwetu. Nilisonga ugali wa udaga, ule wa muhogo. Mama akafungua kopo la kwanza, akawapitishia kila mmoja samaki wake mkononi, akasimulia habari za matao na upepo na yule mwenzake. Bibi mmoja wa Ukara alitafuna kwa muda mrefu, akalamba mafuta kwenye kidole, akamkatiza.

"Hawa wamevuliwa giza au mbalamwezi?"